Mwanga Ukatao na Kisu cha Mashine

1. Kazi ya zamani na chombo kipya

Huko Lamu na Unguja iko milango ya kale iliyochongwa kwa mkono, nayo ni sifa ya pwani nzima. Seremala aliyeichonga hakuanza kwa patasi. Kwanza aliketi akafikiri, kisha akapima, kisha akachora maua na minyororo juu ya ubao. Ndipo aliposhika patasi na nyundo, akaondoa mti mahali pasipotakiwa, akauacha mahali patakiwapo. Kosa moja la kipimo lingaliweza kuharibu ubao wa thamani kubwa, kwani mti uliokwisha kukatwa haurudi.

Siku hizi ziko mashine mbili ambazo hukata vitu vidogo kwa wepesi mkubwa. Ya kwanza hukata kwa mwanga wenye nguvu uitwao leza. Ya pili hukata kwa kisu kidogo kiongozwacho na kompyuta. Mtu azitazamapo kwa mara ya kwanza hudhani ya kwamba kazi yote ni ya mashine, na mwenye mashine ni kukaa kitako na kutazama tu. Sivyo. Mashine haifikiri wala haipimi. Hufuata mstari iliyopewa, uwe sawa au uwe na kosa. Kwa hiyo zile kazi tatu za kwanza za seremala wa kale, yaani kufikiri, kupima na kuchora, zimebaki kuwa kazi za mtu.

2. Asili ya mashine hizi

Leza ya kwanza iliwaka tarehe 16 Mei mwaka 1960 katika maabara moja huko Malibu, California, nchini Marekani. Aliyeiunda ni mtaalamu Theodore Maiman, naye alitumia kijiti cha yakuti na taa ya kumulika kwa nguvu. Leza ile haikuwa ya kukatia mbao. Mwaka 1964 mtaalamu mwingine, Kumar Patel, mzaliwa wa Uhindi aliyefanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, alitengeneza leza itumiayo hewa ya kaboni dioksidi. Leza ya namna hiyo ndiyo ikatayo mbao nyembamba, ngozi, nguo na karatasi ngumu katika karakana nyingi hata leo.

Namna ya kufanya kazi kwake ni hii. Ndani ya mashine mna bomba la kioo lenye kaboni dioksidi pamoja na hewa nyingine mbili, naitrojeni na heliamu. Umeme ukipitishwa humo, hewa hizo hutoa mwanga usioonekana kwa macho. Vioo vya kurudishia mwanga huuelekeza mpaka kwenye kichwa cha mashine, na hapo lenzi huukusanya uwe nukta ndogo sana. Mtoto aliyepata kukusanya mwanga wa jua kwa lenzi juu ya jani kavu, hata jani likatoa moshi, amekwisha kuona mfano wake. Mahali nukta ya leza inapogusa, mti huungua na kugeuka moshi mara moja, na kichwa cha mashine hujongea taratibu kufuata mchoro uliomo katika kompyuta. Feni huvuta moshi na kuutoa nje. Kifuniko kikifunguliwa, mwanga huzimika, kwa kuwa mwanga usioonekana unaweza kulipofua jicho kabla mtu hajajua kuwa upo.

Mashine ya kisu ni nyepesi kueleweka. Ina magurudumu madogo yavutayo karatasi mbele na nyuma, na kichwa kiendacho kulia na kushoto, kimeshika kisu chenye ncha kama ya sindano. Mashine hii hutumika zaidi kukata vinili, yaani karatasi nyororo ya plastiki yenye gundi upande mmoja, iliyobandikwa juu ya karatasi nyingine ya kuishikilia. Herufi za rangi zionekanazo ubavuni mwa magari na juu ya vioo vya maduka aghalabu hukatwa kwa mashine hiyo.

Zamani vyombo hivi vilikuwa katika viwanda vikubwa tu. Mwaka 1998 Profesa Neil Gershenfeld wa chuo cha MIT, huko Marekani, alianzisha somo la kuwafundisha wanafunzi kutengeneza karibu kila kitu kwa mikono yao wenyewe na kwa mashine za namna hii. Mwaka 2003 karakana ya kwanza ya watu wa mtaani ilifunguliwa mjini Boston, na mwaka 2004 karakana nyingine ikafunguliwa Takoradi, nchini Ghana. Tangu hapo karakana kama hizo zimeenea katika nchi nyingi, na vijana wa shule wameingia humo.

3. Sanduku la kwanza

Ilikuwako shule moja ambayo chaki zake ziliwekwa katika boksi la karatasi lililochanika. Mvua ikinyesha chaki zililowa, zikianguka zilivunjika. Wanafunzi wawili wa darasa la sita, kaka na dada yake mdogo, wakaazimu kutengeneza sanduku la mti. Darasa liliuza mboga za bustani, na kwa fedha hiyo ukanunuliwa ubao mmoja wa plaiwudi, urefu wake milimita 600 na upana wake milimita 300. Fedha ya kununua ubao wa pili haikuwapo.

Karibu na shule palikuwa na karakana yenye zile mashine mbili, na msimamizi wake alikuwa fundi mzee. Watoto wakaenda na ubao wao.

"Shikamoo, Fundi," wakasema.

"Marahaba, wanangu. Mmekuja na mchoro, au mmekuja na ubao tu?"

"Tumekuja na mchoro," akajibu kaka, akatoa karatasi.

Mchoro ulikuwa mzuri. Ulionyesha sanduku lenye urefu wa milimita 160, upana wa milimita 100 na kimo cha milimita 60. Pande zake zilikuwa na meno na mapengo, kila jino na kila pengo lina upana wa milimita 20, ili meno ya ubao mmoja yaingie katika mapengo ya ubao wa pili, kama vidole vya mikono miwili vishikanavyo.

"Kina cha meno ni kiasi gani?" akauliza fundi.

"Milimita 3, sawa na unene wa ubao."

"Unene huo mmeupima?"

"Hatukuupima, Fundi. Mwenye duka alituambia."

Fundi hakusema neno. Akawafundisha kuchora katika kompyuta, nao wakapanga vipande vyote sita katika nusu moja ya ubao, wasipoteze nafasi. Mashine ikaanza. Nyuzi nyembamba za moshi zikapanda, na feni ikazivuta. Kaka akataka kutoka nje kunywa maji, lakini fundi akamzuia. "Mti unaungua humo ndani," akasema. "Mtu haachi moto jikoni akaenda kutembea. Ukiona ulimi wa moto unabaki baada ya mwanga kupita, bonyeza kitufe hiki chekundu."

Kazi ikaisha salama. Watoto wakavitoa vipande kwa furaha, wakaviunga. Lakini furaha yao haikudumu. Meno yaliingia katika mapengo bila kushikana, na sanduku likachezacheza kama kiti kibovu. Tena, ncha za meno zilijitokeza nje kidogo, hata dada alipopitisha kidole aliziona zikikwaruza.

"Fundi, mashine imekosa," akasema kaka.

"Mashine haikukosa," akajibu fundi. "Imefanya yale mliyoiambia. Tuyatafute yale ambayo hamkuiambia."

4. Upana wa njia ya mwanga

Fundi akatoa chombo cha kupimia chenye taya mbili, ambacho mafundi hukiita kalipa, akambana ubao katikati ya taya hizo. Chombo kikaonyesha milimita 2.7. Ubao uliouzwa kwa jina la milimita 3 haukufika milimita 3, na hiyo ndiyo sababu ncha za meno zilijitokeza kwa milimita 0.3. "Jina la ubao ni la muuzaji," akasema fundi. "Kipimo cha ubao ni chenu ninyi."

Kisha akawaambia watumie kipande kilichobaki. Wakachora mstatili wenye upana wa milimita 100, wakaugawa katika vipande kumi vya milimita 10 kila kimoja, wakaukata. Baada ya kukata, wakavisukuma vile vipande kumi pamoja, kimoja kando ya kimoja, bila kuacha nafasi, wakapima upana wote. Wakatazamia milimita 100. Wakapata milimita 98.

"Milimita 2 zimekwenda wapi?" akauliza dada.

"Zimepanda juu na moshi," akasema fundi.

Ndivyo ilivyo. Msumeno ukipita katika mti huacha njia, na mti uliokuwa katika njia hiyo huanguka chini kuwa unga. Mwanga nao una njia yake, ila mti wake hugeuka moshi, kwa hiyo hauonekani kupotea. Vipande kumi vimepoteza milimita 2, basi kila kipande kimepoteza milimita 0.2, yaani 0.1 upande huu na 0.1 upande wa pili. Upana wa njia ya mwanga katika ubao ule ni milimita 0.2.

Hesabu ya meno sasa ni nyepesi. Jino lililochorwa kwa milimita 20 hupungua likawa milimita 19.8. Pengo lililochorwa kwa milimita 20 huongezeka likawa milimita 20.2, kwa sababu mwanga umeyala mapengo kwa ndani. Jino la 19.8 likiingia katika pengo la 20.2, hubaki nafasi ya milimita 0.4. Nafasi hiyo ni ndogo kama unene wa karatasi chache, walakini yatosha kulilegeza sanduku zima. Dawa yake ni kuchora jino kwa milimita 20.2 na pengo kwa milimita 19.8. Mwanga ukiisha kuchukua haki yake, jino na pengo hubaki milimita 20 kamili.

Yafaa kukumbuka ya kwamba hesabu ya 0.2 si ya kila mti wala ya kila mashine. Ubao ukiwa mnene zaidi, au lenzi ikiwa chafu, au mwendo wa mashine ukibadilishwa, njia ya mwanga nayo hubadilika. Kwa hiyo fundi mwangalifu hukata kipande cha kujaribu kila aanzapo kazi mpya. Kipande hicho ni kidogo, lakini huokoa ubao mzima.

Watoto wakausawazisha mchoro wao. Wakaweka kina cha meno kuwa milimita 2.7, wakaongeza upana wa meno, wakapunguza mapengo. Hawakukata sanduku zima kwanza, ila walikata jino moja na pengo moja katika kipande kibovu. Vikashikana barabara, hata dada alipovitikisa havikuachana. Ndipo walipothubutu kuikata nusu ya mwisho ya ubao. Sanduku la pili lilisimama imara kabla hata ya kutiwa gundi.

5. Matumbo ya herufi

Siku ya pili walirudi kwa kazi nyingine. Mwalimu wao alitaka maneno DARASA LA 6 yaandikwe mlangoni kwa rangi, nao wakaamua kukata karatasi ngumu yenye matundu ya herufi. Karatasi ya namna hiyo huwekwa juu ya mlango, na rangi hupakwa juu yake. Rangi ikapita katika matundu tu.

Kaka alichora herufi nene, na mashine ya mwanga ikazikata kwa muda mfupi. Alipoinua karatasi, vipande vidogo vikaanguka chini. Tumbo la D lilianguka, na matumbo ya A yote, na la R, na la tarakimu 6. Badala ya D palikuwa na tundu lisilo na umbo.

Safari hii kaka hakuilaumu mashine. Alicheka, akasema, "Tumbo la herufi halikushikwa na kitu, ndiyo maana limeanguka." Akairudia kompyuta, akaacha vipande viwili vyembamba katika kila herufi yenye tumbo, ili tumbo lishikamane na karatasi ya nje. Mafundi huviita vipande hivyo madaraja. Daraja likiwa jembamba mno hukatika rangi ipakwapo; likiwa pana mno huharibu sura ya herufi. Walijaribu milimita 1, likapinda. Wakajaribu milimita 3, likawa imara, na herufi zikasomeka vizuri hata kutoka upande wa pili wa uwanja.

6. Moto wa kijani

Ikabaki kazi moja. Kifuniko cha sanduku kilihitaji jina CHAKI kwa herufi nyekundu, na fundi akawapa kipande cha vinili na kuwaonyesha mashine ya kisu.

Kwanza ni kukipima kisu. Kisu kikishuka kidogo mno, vinili haikatiki. Kikishuka mno, hukata na karatasi ya chini, na kazi yote hutawanyika. Kisu kizuri hukata vinili peke yake na kuacha alama hafifu tu juu ya karatasi. Kwa hiyo mtu huanza kwa kukata mraba mdogo, akajaribu kuubandua. Ukibanduka peke yake, karatasi ikabaki nzima, kisu kimewekwa sawa. Baada ya herufi kukatwa, vinili isiyotakiwa huondolewa polepole kwa ncha ya sindano, na matumbo ya herufi hutolewa moja moja. Kisha utepe mpana hubandikwa juu ya herufi zote, zikahamishwa pamoja zisipoteze mstari.

Kazi hiyo yataka subira. Herufi ya kwanza ilimpasukia kaka mkononi, na ya pili vilevile. Fundi alikuwa ameitwa mlangoni kuongea na mgeni. Kaka akaitazama mashine ya mwanga, iliyokata karatasi ngumu kwa muda mfupi, akaona ya kwamba njia ya mkato ipo. Akachukua kipande cha vinili, akakiweka ndani ya mashine ya mwanga, akafunga kifuniko.

"Kaka, Fundi amekuambia vinili yaweza kuingia humo?" akauliza dada.

"Hakuniambia isiingie. Imekata ubao, itashindwa na karatasi ya plastiki?"

"Basi na tumwulize kwanza."

"Mpaka arudi nitakuwa nimekwisha."

Kidole cha kaka kilikuwa juu ya kitufe. Dada hakubishana naye tena. Alichukua mkono wake akauweka juu ya kitufe chekundu cha kusimamishia, kisha akaita kwa sauti kuu, "Fundi! Njoo upesi!"

Fundi alikuja mbio. Alipokiona kilichomo ndani ya mashine uso wake ulibadilika. Akafungua kifuniko, akaitoa vinili kwa mkono wake mwenyewe, akakaa kitako juu ya benchi kabla ya kusema neno. Kaka aliinamisha kichwa akingoja kugombezwa. Lakini fundi hakumgombeza. Alikwenda kabatini akatoa fimbo ya chuma iliyoliwa na kutu, mashimo yameijaa kama ugonjwa wa ndui.

"Fimbo hii ilikuwa njia ya kichwa cha mashine iliyokuwa hapa kabla ya hii," akasema. "Ilikuwa laini, yang'aa kama kioo. Mtu mmoja alikata vinili kwa siku chache tu, na hivi ndivyo ilivyokuwa. Njooni nje."

Nje akawasha jiko dogo la gesi, akasimama upande utokao upepo, watoto akawaweka mbali nyuma yake. Akashika waya wa shaba kwa koleo, akaupasha moto mpaka ukawa mwekundu na moto haukuwa na rangi ngeni. Kisha akaugusisha waya ule wa moto katika chembe ya plaiwudi, akaurudisha jikoni. Moto haukugeuka. Akaupasha tena, akaugusisha katika chembe ya vinili ndogo kama punje ya mtama, akaurudisha jikoni. Mara moto ukawa wa kijani, kijani kizuri kama manyoya ya kasuku.

"Rangi hiyo yatupa habari ya klorini," akasema fundi.

Vinili ya herufi kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC. Katika kila kilo moja ya plastiki hiyo tupu, kabla haijachanganywa na vitu vya kuilainisha, zaidi ya nusu kilo ni klorini. Kisu kikiikata, klorini hubaki imefungwa ndani yake, wala haina madhara. Lakini mwanga wa leza hauikati vinili, huichoma. Na PVC ikichomwa hutoa hewa chungu iitwayo haidrojeni kloridi. Hewa hiyo ikikutana na unyevu hugeuka kuwa asidi kali. Macho yana unyevu. Pua ina unyevu. Mapafu yana unyevu. Asidi hiyo huyachoma yote, na ibakiyo katika mashine huendelea kula vyuma hata usiku, watu wakiwa wamelala. Feni hupunguza hatari hiyo lakini haiiondoi.

Kwa sababu hiyo mafundi wameweka sheria: kitu kisichojulikana kimetengenezwa kwa nini hakiingii katika mashine ya mwanga. Vinili ya PVC haiingii. Ngozi ya bandia haiingii mpaka asili yake ijulikane, kwani nyingi katika hizo zina PVC. Mbao, karatasi, nguo ya pamba na plastiki iitwayo akriliki huingia, mtu akikaa macho karibu yake. Na lile jaribio la waya si mchezo wa watoto. Hufanywa na fundi, nje penye upepo, kwa chembe ndogo tu.

"Nisamehe, Fundi," akasema kaka.

"Nimekusamehe, mwanangu. Hukujua. Lakini dada yako naye hakujua, ila yeye aliuliza. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga."

Kaka akamgeukia mdogo wake. "Ahsante, dada," akasema. Kisha akarudi kwenye mashine ya kisu, akaomba sindano, akaanza herufi ya kwanza upya.

7. Mwisho wa kazi

Sanduku lililo imara likawekwa juu ya meza ya mwalimu, na herufi nyekundu juu ya kifuniko chake zilikaa katika mstari mmoja. Chaki hazikulowa tena.

Lile sanduku la kwanza, lenye kuchezacheza, watoto walitaka kulitupa, lakini mwalimu alilichukua akaliweka rafuni mbele ya darasa. Kando yake aliweka vile vipande kumi vilivyopimwa milimita 98. Kila mwaka wanafunzi wapya wajapo katika darasa hilo huulizwa swali moja: milimita mbili zimekwenda wapi? Nao hawapewi jibu mpaka wamelitafuta wenyewe.

MASWALI

1. Taja kazi tatu ambazo seremala wa kale alizifanya kabla ya kushika patasi. Ni nani azifanyaye siku hizi, mtu au mashine?
2. Leza ya kwanza iliwaka mwaka gani, na nani aliiunda? Leza ya kaboni dioksidi ilitengenezwa mwaka gani?
3. Kwa nini ncha za meno ya sanduku la kwanza zilijitokeza nje?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini meno ya sanduku la kwanza yalilegea.
5. Vipande kumi vya milimita 10 vilikatwa kwa mashine nyingine. Viliposukumwa pamoja vilipimwa milimita 97. Njia ya mwanga ina upana gani? Mtu akitaka jino na pengo vyote viwe milimita 15 kamili, achore jino kwa milimita ngapi, na pengo kwa milimita ngapi?
6. Katika maneno DARASA LA 6, ni matumbo mangapi yahitajiyo madaraja? Katika jina la shule yako je?
7. Kwa nini vinili hukatwa kwa kisu bila madhara, bali kwa mwanga ikawa sumu?
8. Kaka alisema, "Hakuniambia isiingie." Je, neno hilo lilikuwa udhuru wa haki? Toa sababu zako.

KAZI YA MIKONO

Chukua karatasi ngumu, rula, penseli na kisu kikali. Mbele ya mwalimu wako, chora na kukata jina lako liwe karatasi ya kupakia rangi. Usisahau madaraja. Kabla ya kukata jina zima, kata herufi moja ya kujaribu.